Kijiji Kinachofiwa Mno

Serangi Wafula alikuwa na desturi ya kushika vitambulisho vya vibarua kama mtu anayecheza karata. Huvipanga mkononi, huvichanganya, kisha ndipo huita jina. Asubuhi hiyo ya Alhamisi, mwezi wa Mei, kwenye geti la godauni la chai kule Changamwe, alikifikia kitambulisho cha Nyale, akakiinua kwenye mwanga kama noti inayoshukiwa.

"Wewe bado hujafiwa wiki hii?"

Wanaume waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Nyale akacheka nao, maana asiyecheka getini huonekana ana neno moyoni.

"Bado, mkubwa. Mungu yupo."

"Mungu yupo, lakini kwenu anapita mara nyingi kuliko lori la maji. Ingia. Siku ya kumi."

Siku ya kumi kati ya kumi na mbili. Kila mtu aliyekuwa pale aliijua hesabu hiyo. Mwenye godauni alitaka kuacha kuokota vibarua arubaini kila asubuhi. Alitaka watu wanane wa mkataba, wenye mshahara wa mwezi hata lori lisipokuja, wenye bima ya afya, wenye jina kwenye karatasi. Sharti lilikuwa moja: siku kumi na mbili bila kukosa hata moja. Jumamosi majina yangesomwa.

Nyale alikuwa na miaka arubaini na mitatu. Magunia hayakuwa yameongezeka uzito tangu aanze kuyabeba, lakini mabega yake yalidai vinginevyo. Alijipa miaka minne, mitano akibahatika, kabla serangi hajaanza kuruka kitambulisho chake bila maneno, kama walivyorukwa wengine aliowakuta hapa. Chumba alichokodi Chaani na mkewe Caroline kiliwatosha wawili tu, wakiamua kutogombana. Watoto watatu waliishi kwa mama yake, Kaviha, huko Mwandeje, mbele ya Bamba, ambako mvua ni habari ya kusikia. Mkataba ulikuwa na maana ya vyumba viwili. Vyumba viwili vilikuwa na maana ya kuwachukua watoto. Caroline alikwisha kuchagua hata pazia.

Na hapo palikuwa na hatari, kwa sababu Nyale hakuwa mtu wa Changamwe tu. Alikuwa mshika daftari wa zamu.

Kwao Mwandeje kaburi halichimbwi na mtu wa kukodi. Mchimbaji wa kukodi ni tusi kwa maiti. Ni kusema kwamba marehemu hakuacha mtu. Kaburi huchimbwa na wanaume wa ukoo, siku ileile ya kuzika, tangu alfajiri, wala halilali wazi. Zamani haikuwa taabu. Akifa mtu, wanaume ishirini hunyang'anyana sururu. Kisha wanaume wakateremka mmoja mmoja Mariakani, Mazeras, Changamwe, na wazee wakatuma neno: basi huko mliko pangeni zamu, tukifiwa waje wanne. Daftari likafunguliwa likiwa na majina thelathini na manne. Mwandishi alikuwa Nyale, kwa kuwa alikuwa na hati nzuri na hakuwa mlevi.

Miaka ikafanya kazi yake. Wengine walikwenda Uarabuni. Wengine walikufa wakaingia kwenye daftari kwa upande wa pili. Na wale waliochoka walirudi nyumbani kuzeekea huko, kwa sababu mji huchukua nguvu na kurudisha mifupa. Kwa hiyo kijiji kilijaa wazee kuliko wakati wowote, na wazee ndio wanaokufa, huku daftari likibaki na majina kumi na matatu. Zamu ya watu wanne ikawa ya wawili, na mwaka huu ikawa ya mmoja, akisaidiwa na vikongwe watakaoweza kuinua jembe. Tangu Januari walikuwa wamezika saba.

Wafula hakujua lolote kuhusu daftari. Alichojua ni kwamba vibarua wa Mwandeje hukosa. Alikuwa na jicho la mtu aliyeajiri na kufukuza kwa miaka ishirini, na jicho hilo lilikuwa limeona kitu cha kweli likakipa jina baya.

"Mtazameni Hashim," alisema siku moja mbele ya wote, akimwonyesha yule bwana wa Likoni aliyekuwa akishona midomo ya magunia. "Shangazi yake alifariki Jumanne asubuhi. Wakazika mchana. Jumatano mtu yuko kazini. Nyinyi mnachukua siku nne!"

"Sisi kwetu mbali, mkubwa," Mwarandu alijibu.

"Mbali ni shida yenu. Mimi sikuwaambia muzaliwe mbali."

Hashim hakuifurahia sifa ile. Baadaye alimwambia Nyale pembeni, "Wallahi, sisi kaburi letu ni hatua mia mbili kutoka nyumbani, na vijana wamejaa mtaani hawana kazi. Ukitaka wachimbaji watano unapiga mluzi tu. Usimsikize."

Mwarandu alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Nyale, miaka ishirini na tisa, mwepesi wa mwili na wa maneno. Naye alikuwa siku ya kumi. Kati ya vibarua wa Mwandeje, wawili hao tu ndio waliobaki na matumaini ya mkataba.

Saa nne walitoka kunywa mkandaa, chai isiyo na maziwa. Simu ya Nyale ilikuwa ikitetemeka ndani ya mfuko wa nguo zake. Alipoona jina la baba yake mkubwa Katana alitamani kuiacha ilie. Aliipokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tinga ametutoka."

Nyale akakaa juu ya chaga la mbao la kupangia magunia.

"Lini?"

"Alfajiri. Alikunywa uji, akasema anapumzika. Hatumpeleki mochari, hela ya mochari iko wapi? Tunazika kesho. Nani anakuja?"

Mzee Tinga ndiye aliyempakia Nyale kwenye baiskeli, alipoumwa na nyoka akiwa na miaka tisa, akamkimbiza Bamba kwenye zahanati huku akimpiga makofi asilale. Mguu ule bado ulikuwa na kovu.

"Nitatazama daftari, baba."

"Tazama upesi. Mtu awe hapa leo jioni. Sisi tuliobaki, mwanangu, nikikuambia tutachimba nitakuwa nakudanganya. Juzi kaburi la mama Nyevu lilinilaza siku tatu."

Simu ikakatika. Nyale hakuhitaji kutazama daftari. Yeye ndiye aliyeliandika. Aliyechimba mwisho alikuwa kaka mmoja wa Mikindani. Anayefuata alikuwa Nyale mwenyewe. Baada yake, Mwarandu, ambaye alikuwa amekwisha kuchimba Februari. Watu walipokuwa wakitoka kwenye orodha, zamu ziliruka na kurudi nyuma hata hakuna aliyeweza kuzifuata ila mwenye kalamu.

Alijaribu kwanza njia za halali. Alimpigia yule wa Mikindani: amelazwa, tumbo. Akampigia mwingine Kisauni: "Kaka, nilienda Machi nikarudi nikakuta kazi ina mtu. Nisamehe." Wa tatu simu ilikuwa imezimwa. Wa nne alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Kwani zamu ni ya nani?" Nyale akasema mtandao mbaya.

Mwarandu alikuja na kikombe chake, akamsoma uso.

"Nani?"

"Mzee Tinga."

"Lo! Mzee wangu masikini." Akavua kofia. Kisha akauliza swali lile lile. "Zamu ya nani?"

Ndani ya godauni Wafula alikuwa akipuliza filimbi. Lori la trela lilikuwa likirudi nyuma likilia pi, pi, pi. Nyale alimtazama nduguye, asiye na mke wala mtoto, kijana mwenye mabega ya miaka ishirini mbele yake, mabega yatakayopata mkataba mwingine mahali pengine. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote yakampitia mara moja.

"Yako," alisema.

Mwarandu hakubisha. Hilo ndilo lililomuumiza Nyale baadaye. Angebisha, angedai kuona daftari, pengine ukweli ungetoka wenyewe. Aliguna tu, akamwaga chai iliyobaki, akalivua gunia tupu alilojitandika begani na kulikunja vizuri.

"Siku ya kumi, ndugu yangu," alisema. "Huyu Tinga angengoja Jumapili tu, hata kama ni kwa ubishi."

Getini Wafula alimrudishia kitambulisho bila kumtazama. "Nilijua. Ukitoka, umetoka."

"Nimesikia, mkubwa."

"Mwambie na huyo mwenzako."

"Yeye yupo. Zamu haikumpata."

Nyale aliyasikia hayo akiwa na gunia la kwanza mgongoni.

Usiku ule hakumwambia Caroline zaidi ya kwamba Mzee Tinga amefariki na Mwarandu amekwenda. Caroline alisema pole, kisha akasema, "Afadhali haikuwa zamu yako," naye akageukia ukutani kusinzia. Ijumaa alibeba magunia kuanzia saa moja, na kila simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa mtu yeyote moyo wake uliruka. Hakuna aliyempigia. Saa tano akafikiri, sasa wamefika kiunoni. Saa nane akafikiri, sasa wanazika. Saa kumi na moja bado hakuna aliyempigia, na kimya hicho kikawa kizito kuliko chai yote aliyoibeba.

Jumamosi Wafula alisoma majina manane. Nyale alikuwa wa sita. Alitia sahihi, akapewa nakala ya karatasi ndani ya plastiki. Kifungu cha tisa kilisema: kukosa kazi siku tatu mfululizo bila ruhusa ya maandishi, mkataba umekwisha.

"Umeona?" Wafula akamshika bega, akiwa amefurahi kweli. "Niliwaambia kule ofisini, huyu mzee wa Mwandeje ni tofauti. Nimekusimamia. Usiniangushe."

Jumapili alfajiri alipanda gari, akabadilisha Mariakani. Kadiri barabara ilivyopanda ndivyo watu wa umri wake walivyopungua. Kuanzia Bamba, waliosimama kando ya njia walikuwa watoto wenye sare zilizofifia na bibi zao, na katikati yao hapana mtu. Kama familia iliyopigwa picha, kisha mtu akaikata picha katikati na kuunganisha vipande viwili vya pembeni.

Matanga yalikuwa uani kwa Tinga. Wazee walikaa mikekani. Nyale aliamkia mmoja mmoja, akatoa pole, akamfuata mama yake jikoni. Kaviha alikuwa akichekecha unga. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Umeungua, mama?"

"Kuungua wapi. Jembe."

"Jembe la nini?"

Mama akaendelea kuchekecha. "La kuchimbia. Kwani hukusikia? Mwarandu alianza alfajiri, mambo yakaenda vizuri mpaka kiunoni. Hapo akakuta mwamba. Akapiga mtaimbo mpaka ukamchana mkono. Katana akaingia shimoni kumpokea, dakika kumi, akaona giza, ikabidi tumtoe kama ndama aliyeanguka kisimani. Wale wengine wawili unawajua, mmoja ana ngiri na mwingine haoni. Maiti kalala juani mpaka inzi wakatushinda. Basi nikajifunga leso, nikashuka."

"Wewe mama? Mwanamke?"

"Tulishuka wanawake watatu. Jumla ya miaka yetu sijui ingefika mia mbili. Wazee waligeuza nyuso wasituone." Akatabasamu kidogo. "Tulimzika Tinga jua likizama. Hakulalamika."

Nyale alitoka nje. Watoto wake walimkimbilia wakimuuliza kama ni kweli wanakwenda kukaa mjini. Aliwapapasa vichwa, akaenda kukaa na wazee.

Desturi ilikuwa hivi: kabla matanga hayajavunjwa, mshika daftari husimama mbele ya wazee na kusoma zamu kwa sauti, aliyechimba na atakayefuata, ili asiwepo wa kusema hakujua. Mwarandu alikuwa amekaa pembeni, mkono umefungwa mpaka kwenye kifundo, akila wali kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na kutaniwa na bibi zake kwa hilo. Katana, bado uso umemsawijika, alinyoosha kidole.

"Kwanza tumshukuru kijana huyu. Kaacha kazi yake, kaja. Ingekuwa wengine..."

"Zamu ni zamu, baba," alisema Mwarandu huku kinywa kimejaa.

"Haya, Nyale. Soma."

Nyale alifungua daftari. Ilikuwa rahisi sana. Angesema: Tinga, amechimba Mwarandu, anayefuata, Nyale. Wangeitikia, wangekunywa uji, wangeagana. Mtu mmoja tu hapa duniani angejua. Aliyaona maandishi yake mwenyewe, hati ile nzuri waliyomsifia, jina lake likiwa limekaa mbele ya jina la nduguye, wazi kama jino.

"Tinga," alisoma, akaweka kidole kwenye mstari wa jina lake mwenyewe. "Tinga. Zamu ilikuwa ya Nyale."

Hakuna aliyeelewa. Katana alitega sikio. "Umesemaje?"

"Zamu ilikuwa yangu, baba. Nilimwambia Mwarandu ni yake. Nilikuwa nabakisha siku mbili nipate mkataba. Nimeupata." Akautoa, ule uliokuwa ndani ya plastiki, kana kwamba maneno yake yalihitaji ushahidi. "Na yeye alikuwa siku ya kumi kama mimi."

Kijiko kilianguka kwenye sahani. Mwarandu alisimama.

"Ungeniambia," alisema. "Ungeniambia tu, Nyale. Ungesema, ndugu yangu, nina watoto, nishikie. Labda ningekubali! Labda ningekataa nikakutukana, lakini ingekuwa yangu kukataa. Umenipokonya hata hilo."

"Najua."

"Hujui! Ulinitazama nikikunja gunia langu."

Mzee mwenye ngiri alianza kusema kijana asamehe, matanga si mahali pa ugomvi. Katana akamkatiza kwa mkono.

"Sheria mnaijua. Asiyechimba hachimbiwi, na sheria haishiki mtu mmoja, hushika nyumba yake nzima." Hakumtazama Nyale. Alitazama jikoni, alikokuwa amesimama Kaviha mlangoni na chekecheke lake. Kila mtu akatazama huko. Katika nyumba ya Nyale hakukuwa na mwingine wa kufa karibu.

"Basi mimi nitajichimbia," Kaviha alisema. "Mikono nishaizoesha."

Walicheka, hawakuweza kujizuia, hata Katana. Lakini kicheko kilipokwisha hukumu ilikuwa bado palepale, na Nyale ndiye aliyekuwa bado amesimama.

"Msimshike mama," alisema. "Mazishi mawili yajayo ni yangu. Ya kwanza na ya pili. Simu ikilia nakuja, niko kwenye gunia au niko kwenye kitanda."

"Na hiyo karatasi yako?" Katana aliuliza. "Inasemaje mtu akiondoka?"

"Inasema akikosa siku tatu, imekwisha."

"Na bado unasema hivyo?"

Nyale aliwatazama waliokaa mikekani. Hakuwa na haja ya kuwahesabu, lakini macho yalihesabu yenyewe: yule mwenye ngiri, yule asiyeona, Katana mwenyewe na kile kifua chake kilichokuwa kikikoroma tangu aingie shimoni. Mazishi mawili. Kwa mwendo wa mwaka huu, yangekuwa yamekwisha kabla ya Agosti.

"Nasema hivyo, baba."

Katana alivuta pumzi kwa taabu, akaguna kukubali. Akaagiza Mwarandu apewe daftari, aliandike yeye kuanzia leo, hata kama hati yake ni ya kuku.

Jioni ndugu wawili walishuka pamoja kuelekea steji, kwa kuwa njia ilikuwa moja na gari lilikuwa moja. Watoto walibaki kwa bibi yao; Nyale alikuwa amewaambia wangoje kidogo, na mkubwa wao, ambaye si mjinga, hakuuliza kidogo ni kiasi gani.

"Kesho unakwenda wapi?" Nyale aliuliza.

"Kuna godauni la ngano karibu na Airport. Wanachukua watu."

"Na huo mkono?"

"Nitauficha." Mwarandu akatema mate pembeni. "Na wakiniuliza kwetu, nitasema Mariakani. Mariakani hakufi mtu."

Nyuma yao, kutoka uani kwa Katana, kikohozi kilivuka mbuga kavu kikawafikia, kikakatika, kikaanza tena. Wote wawili walisimama. Walisikiliza mpaka kikatulia.

"Simu ya hicho kikohozi ikilia," alisema Mwarandu, "ni yako."

"Ni yangu," alisema Nyale, na wakaendelea kuteremka.